Paja la kaka, mkono wangu

Alama yenyewe ni ndogo kuliko tundu la kifungo cha shati la mtoto. Iko mkono wa kushoto, upande wa dole gumba, pale pale daktari anaposhika akihesabu mapigo. Asiyeambiwa haioni. Anayeambiwa huinama, huushika mkono wangu kama anayekagua mshono, halafu huuliza lile lile: "Yaani fundi, moyo wako waliuingilia hapa?"

Hapo hapo, kwa mrija mwembamba wa kuzibulia mshipa wa moyo. Kaka yangu wa kwake waliuingilia pajani. Habari hii nimeisimulia vipande vipande, kila mteja na kipande chake, huku nimeng'ata pini mdomoni. Leo naiandika yote, ili nikiulizwa tena nitume tu.

Nianze na kazi, maana bila kuijua kazi yangu hamtaelewa kwa nini nilibishana na daktari nikiwa nimevaa gauni lililo wazi mgongoni. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, kibaraza kile kile kwa miaka 31. Natumia Singer nyeusi ya kukanyaga niliyorithi kwa baba. Umeme ukikatika wenzangu wanapiga soga, mimi naendelea. Lakini mashine ile inataka mwili mzima: miguu inakanyaga, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, wa kulia unazungusha gurudumu. Na wa kulia ndio wenye mkasi. Mkasi wangu ni wa chuma, mzito, wa zamani; ukikata sare za watoto kumi mfululizo, kifundo cha mkono kinakuambia saa ngapi.

Januari 2023 ulikuwa msimu wa sare kama kawaida. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa sketi za bluu, kifua kikabana. Nikasema gesi. Nikanywa tangawizi. Siku ya tatu nilishindwa kubeba ndoo kutoka bombani hadi mlangoni, mama watoto akaninyang'anya ile ndoo na kunisukumia kwenye bajaji bila kunipa nafasi ya kujadili. Hospitali wakapima umeme wa moyo, wakapima damu, wakatazamana. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa Dar. Hospitali niliyotibiwa sitaitaja, kwa sababu huko mbele nina neno nao, na waliniokoa, kwa hiyo neno lenyewe nitalisema kwa heshima.

Sasa kaka. Kaka yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu. Mwaka 2008 mishipa ya moyo wake iliziba, akapelekwa India. Siku hizo mgonjwa wa moyo wa hapa kwetu, kama jina lake limepita kwenye orodha au ndugu wamechanga, safari ilikuwa ni huko. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilikuja kuanza 2015. Wakamwingilia kinenani upande wa kulia, kwenye mshipa mkubwa wa paja. Moyoni kwenyewe hakuna kilichoharibika. Stenti mbili, vile vibomba vya wavu wa chuma vinavyoushikilia mshipa ubaki wazi, zikakaa, akashushwa kitandani anatabasamu.

Kilichomtesa ni mlango walioingilia. Mrija ulipochomolewa, kijana mmoja alimkandamiza kinena kwa mikono miwili kama dakika 20, uso karibu na uso, kaka anasema hajawahi kuwa karibu hivyo na mwanamume tangu mieleka ya shule. Kisha akawekewa mfuko wa mchanga juu yake na kuambiwa alale chali saa sita, mguu usikunjwe, kichwa kisiinuliwe. Mkojo kwenye chupa, akiwa amelala. Mwalimu mkuu mzima! Saa ya nne akapiga chafya. Chafya moja tu. Akahisi kitu cha moto kinatambaa chini ya ngozi.

Asubuhi paja lilikuwa jeusi hadi karibu na goti, na pale kinenani pamefura kama embe dodo. Baya zaidi, lile embe lilikuwa linadunda. Ukiweka kiganja unalihisi linapiga pamoja na moyo. Tundu la mshipa halikuziba vizuri, damu ikawa inatoka na kujitengenezea kimfuko chake pembeni, inaingia na kutoka. Walikuja na mashine ya ultrasaundi, daktari akakandamiza kimfuko kile kwa kile kifaa cha kuchunguzia, anatazama skrini, anakandamiza, kwa muda ambao kaka husema ni nusu saa, siku nyingine husema ni saa nzima. Kikaganda. Safari ya kurudi ikasogezwa mbele. Mpaka leo akisimulia huanza hivi: "Moyo wangu walimaliza kwa saa moja. Paja wiki tatu."

Kwa hiyo nilipofika Dar, kilichonitisha si moyo. Nilikuwa naogopa chafya.

Ninaye mpwa, binti wa dada yetu, muuguzi, na kwa bahati amewahi kufanya kazi kwenye kathlabu, chumba chenye ule mtambo wa upasuaji wa tundu dogo. Alikuja wodini usiku ule baada ya zamu yake. Nikamwambia mambo ya paja siyataki. Akacheka, "Mjomba, siku hizi wengi tunapita mkononi." Akavuta kiti akanieleza, na nampenda binti huyu kwa sababu hunieleza kama fundi mwenzake.

Alinishika kifundo cha mkono. Mshipa huu, akasema, uko juu juu na chini yake kuna mfupa. Ukivuja, unaukandamiza kwa kidole, umekwisha. Ule wa kinenani umezama ndani ya nyama, na juu kidogo tu ya pale unaingia tumboni. Wakitoboa juu sana, damu inaweza kurudi nyuma ya utumbo, ikajikusanya huko hakuna anayeiona, mgonjwa analalamika kiuno kinauma, presha inashuka, ndipo watu wanaanza kukimbia. Halafu mkono una mishipa miwili, mmoja upande wa dole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho, na imeungana kiganjani. Mmoja ukifunga, mwingine unalisha. Paja halina mwingine wa kiasi kile.

"Na kwa nini ivuje sana?" nikauliza. "Tundu si dogo?"

"Kwa sababu tunaifanya damu yako iwe nyepesi kwa makusudi, mjomba." Aspirini, klopidogreli, na hepari mle mle kathlabu, ili damu isigande kwenye chuma kipya. Ukivuja sana wanalazimika kuzipunguza dawa hizo, na stenti mpya iliyokosa dawa inaweza kuziba. Ndipo nilipoelewa kwamba paja la kaka lilikuwa limehatarisha moyo wake uliokwisha kutengenezwa.

Basi nikalala nimeshaamua: mkononi. Asubuhi daktari akaja, kijana mwenye sauti ya chini. "Shikamoo mzee." "Marahaba, daktari." Akasema tutapita mkononi, mkono wa kulia. Hapo nikaketi.

"Kwa nini wa kulia?"

"Ndivyo tunavyofanya kawaida, mzee wangu."

"Ingekuwa wewe ndiye fundi cherehani, ungetoa upi?"

Alinieleza bila kukasirika. Yeye husimama upande wa kulia wa meza, mashine zake zimepangwa hivyo, mkono wa kulia uko mbele yake. Wa kushoto itabidi aulaze juu ya tumbo langu na yeye ainame. Matatizo ya mkono baada ya hapo ni nadra sana. Nikamwambia nadra ni neno zuri, lakini mkono wa kulia ndio unaolisha watu sita, na kama kuna hiyo nadra basi iende kushoto. Akatazama kitambi changu. Nadhani alikuwa anapima atakavyokuwa anainama juu yake. Akasema, "Haya, mzee. Kushoto."

Natamani mlijue hili: hakuna aliyeniuliza kazi yangu. Fomu ilikuwa na umri, presha, kisukari, mzio wa dawa, ndugu wa karibu. Kazi hapakuwa na pa kujaza. Kama nisingefumbua mdomo, wangeingia kulia. Na haingekuwa kosa kwa namna wao wanavyohesabu makosa.

Kabla ya hapo akanipima mkono wenyewe. Akanivika kwenye dole gumba la kushoto kile kibanio chenye taa nyekundu, skrini ikaonyesha mawimbi. Akaubana ule mshipa wa upande wa dole gumba kwa nguvu. Mawimbi yakalala, kisha polepole yakainuka tena. "Mwingine unafanya kazi," akasema. Yangebaki yamelala, asingeugusa.

Kathlabu ni baridi kama chumba cha kugandishia samaki. Walinifunga mkono kwenye ubao, chini ya kifundo wakaweka kitambaa kilichokunjwa ili kiganja kitazame juu na kifundo kijikunje nyuma. Dawa ya kahawia, baridi. Ganzi, iliyouma kuliko chochote kilichofuata kwa dakika kumi. Kinenani pia walipaka na kufunika, kama akiba. Nilipouliza, nikajibiwa mkono ukikataa hatuwezi kuanza kunyoa mtu wakati huo.

Halafu ikaja kazi niliyoitambua. Wanaume mliovaa suruali za kufunga kamba na kina mama mnaotia mpira kwenye sketi, mnajua tunavyofanya: unatoboa kitundu kwenye pindo, unafunga pini kwenye ncha ya mpira, pini inatangulia, mpira unafuata, unasukuma kwa vidole huku kiuno kizima kinajikunja. Ndivyo hivyo. Sindano inatoboa mshipa, damu inaruka, waya mwembamba laini unapita ndani ya sindano, sindano inatolewa waya unabaki, na mrija unafuata juu ya waya. Mtaalamu wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger, ndiye aliyeleta njia hii mwaka 1953. Nasema mtaalamu, lakini mtu yule alikuwa fundi tu.

Mrija wangu ulikuwa namba 6. Mirija hii hupimwa kwa kipimo kiitwacho Frenchi, na Frenchi tatu ni milimita moja, kwa hiyo wangu ulikuwa milimita 2, na ala inayoushika nje yake inakaribia milimita 2 na nusu. Mshipa wa mkono wa mtu mzima una milimita 2 hadi 3. Fundi yeyote atakwambia hapo hapana nafasi ya pumzi. Wa paja ni mpana zaidi ya mara mbili ya huo.

Na mshipa wangu haukupenda. Walinichoma dawa ya kuulegeza, ikapanda mkono mzima kama pilipili kichaa, lakini mrija ulipofika karibu na kiwiko ukanaswa. Mshipa ukaukumbatia. Nilihisi mtu anavuta kamba iliyofungwa ndani ya mfupa. Daktari akaacha kusukuma. Hilo nimelikumbuka kuliko yote, alivyotulia. Mpira ukinasa kwenye pindo, mwanafunzi huvuta kwa nguvu, pini inafunguka ndani, ndiyo hasara ya siku nzima. Fundi huacha. Aliongeza dawa, wakanipa kitu cha kunituliza, sista akanifunika mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu, tukakaa hivyo kama watu wanaosubiri chai ichemke. Baada ya muda mkono ukaachia, yeye akapita.

Yaliyobaki sikuyahisi. Mshipa wa mbele wa moyo ulikuwa umezibwa asilimia 90. Puto la kuutanua, kisha stenti moja. Kadi yangu imeandikwa milimita 3.0 kwa 28, nami huitunza pamoja na kitambulisho cha taifa, maana sijawahi kuwa na kitu ndani ya mwili chenye vipimo vya uhakika hivyo.

Dakika 40 baadaye nilikuwa nimekaa. Nimekaa, jamani! Nilikwenda chooni kwa miguu yangu. Nikanywa chai na mkate kwa mkono wa kulia huku nikimfikiria kaka na chupa yake. Nikapiga chafya kwa makusudi.

Neno langu na ile hospitali linaanzia hapa. Mrija ukitolewa mkononi hawakandamizi kwa mikono. Wanakufunga bangili ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye kijiputo kinachojazwa upepo kwa bomba la sindano, na kijiputo kinabana pale penye tundu. Mpwa wangu alishanieleza: kibane kiasi cha kuzuia damu isitoke, lakini chini yake damu iendelee kupita. Unajaza, unapunguza polepole mpaka damu ichungulie, unarudisha kidogo tu. Kama kiuno cha suruali ya lastiki. Kikiacha alama mwilini, umekosea kipimo.

Changu kilijazwa kikaachwa. Ilikuwa zamu inabadilishana, mtu aliyenifunga akaondoka, aliyekuja akadhani nimeshashughulikiwa. Saa ya kwanza vidole vikafa ganzi. Saa ya pili vikawa na rangi ya zambarau kama urojo wa bilinganya, na kiganja kimejaa. Nilimwita sista, akasema hiyo ni kawaida. Niliporudia, akasema anakuja. Mimi si mtu wa kupiga kelele hospitalini. Tumelelewa kwamba ukimkera muuguzi umejiloga. Nikampigia mpwa. Aliingia hajasalimia mtu, akachomeka bomba, akatoa upepo, mililita 2, akasubiri, akatoa tena. Nikaona wekundu unashuka vidoleni kimoja kimoja. Ndipo aliposema, "Shikamoo mjomba."

Kesho yake jioni niliruhusiwa. Walinikataza kubeba ndoo na kusukuma kwa mkono ule kwa siku kadhaa. Tundu likivuja, nikandamize kwa kidole na kukimbilia hospitali iliyo karibu. Siku ya pili yake nilipanda basi la Tanga. Kaka hakuweza hata kukaa kwenye kiti cha ndege bila mto. Mimi pale Muheza nilinunua machungwa dirishani.

Wiki tatu sikushika kazi, na mimi nisipokuwa na kazi ni mtu mbaya nyumbani. Mama watoto alimwomba mpwa aniletee kitu cha kusoma. Akaleta makaratasi ya chuo chake, jioni tukawa tunayapitia pamoja kibarazani, yeye akinifasiria.

Nilidhani mkononi ni uvumbuzi wa juzi. Kumbe safari ya kwanza iliyorekodiwa ya mrija kuingia moyoni mwa mtu ilipita mkononi. Mwaka 1929, huko Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijitoboa mwenyewe mshipa wa ndani ya kiwiko, akasukuma mrija hadi moyoni, akatembea nao kwenda kupigwa eksirei. Ule ulikuwa mshipa wa kurudisha damu, si huu wetu, lakini bado. Walimkaripia, mwaka 1956 wakampa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Paja lilikuja kutawala baadaye kwa sababu mirija ya kwanza ya kuzibulia ilikuwa minene. Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto, Zurich, Septemba 1977, alipita kinenani. Maputo yake ya mwanzo aliyatengenezea mezani jikoni kwake, jambo nililomsomea mama watoto kwa sauti, kwa sababu amekuwa akilalamika miaka mingi kuhusu vipande vya vitambaa kwenye meza yake.

Mwaka 1986 stenti ya kwanza ikawekwa kwenye mshipa wa moyo wa mtu, Toulouse, Ufaransa. Wagonjwa wa stenti za mwanzo walilishwa dawa nzito za kuzuia damu kuganda, basi vinena vikavuja kweli kweli. Lucien Campeau wa Montreal alikuwa ametangaza mwaka 1989 kwamba amepiga picha za mishipa ya moyo za wagonjwa 100 kwa kupitia kifundo cha mkono. Kule Amsterdam, Ferdinand Kiemeneij akaona kama picha zinapita, puto na stenti pia vipite. Mwaka 1992 akaanza. Kwa hiyo kaka alipolala chali na mchanga juu yake, njia ya mkononi ilikuwa na miaka 16. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Ningejua ningeuliza." Mwaka ule nani angemwambia kwamba kuna la kuuliza?

Utafiti uliomkera zaidi ni ule wa RIVAL wa mwaka 2011, watu 7,021 katika nchi 32. Ukichukua vifo, shambulio la moyo, kiharusi na kuvuja damu sana kwa pamoja, mkono na paja vilikaribiana: 3.7 kwa 4.0 katika kila mia. Lakini ukihesabu balaa za mshipa penye mlango, mkononi walikuwa 1.4 katika mia, pajani 3.7. "Yaani mimi ndiye mmoja wa hao," akasema kaka, kama aliyeona jina lake gazetini. Miaka minne baadaye MATRIX, watu 8,404, ikaonyesha kuvuja kumepungua mkononi, na vifo pia: 1.6 kwa 2.2. Baada ya hapo miongozo ya Ulaya, na mwaka 2021 ya Marekani, ikaandika kwamba mkono ndio uwe wa kwanza.

Nikajiona mshindi. Mpwa akanichomolea karatasi nyingine: Kanada, 2020, watu 2,292 wenye shambulio kubwa la moyo, wengine mkononi wengine pajani, kwa madaktari waliobobea. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa karibu sawa, 1.5 mkononi na 1.3 pajani. Fundi mzuri kinenani, akasema, anayetoboa kwa kuangalia ultrasaundi badala ya kupapasa, ni bora kuliko fundi mbovu mkononi. Na wapo ambao mkono hauwafai kabisa: mshipa mwembamba mno au uliojikunja kama uzi wa sufu, kazi inayotaka vyombo vinene kama kuweka vali mpya ya moyo kwa mrija. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, au atakayekuja kusafishwa, mishipa yake ya mkono inatunzwa kama mbegu, kwa sababu ndiyo itakayounganishwa kwa ajili ya mashine. Jirani yetu mmoja wa barabara ya pili ni hivyo. Alipita pajani mwaka jana, akalala chali kwa saa zake, akarudi nyumbani salama, na ni mtu anayepiga chafya sana.

Nilirudi kwenye cherehani mwezi wa pili. Mkono wa kushoto uliuma kidogo nikiongoza kitambaa kizito, jinzi hasa, kisha ukaacha. Mkasi haukujua kama kuna kilichotokea.

Mwezi wa sita nilienda kliniki. Daktari yule yule. Moyo vizuri, presha vizuri, kolesteroli akanung'unika. Akaushika mkono wa kushoto pale penye alama, kwa vidole vitatu. Akasogeza vidole. Akasogeza tena. Akaleta kile kibanio chenye taa.

"Mzee, mshipa huu umefunga."

Hauumi, sijauhisi, kiganja ni cha moto kama zamani. Ule wa pili unalisha mkono mzima. Akasema hutokea kwa baadhi ya watu, wengi hawajui kabisa, na akaniuliza bangili ilikaa muda gani. Nilipomweleza zile saa mbili za vidole vya zambarau hakusema kitu, aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kaka nilipompigia alicheka mpaka akakohoa. "Paja langu lilipona! Linapiga mpaka leo! Njoo ushike!"

Nilipokuwa navaa shati nikamuuliza daktari, je, siku nyingine moyo ukiziba tena, mtapita wapi?

Alitazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa juu ya meza yake karibu na faili. Nikautia mfukoni.